Msemaji wa Machela

Kule juu mtu akizidiwa hakuna gari la kumfuata. Atafuatwa na mti mmoja mrefu, blanketi, na watu sita wenye miguu ya kuaminika. Blanketi hufungwa ncha zake mbili kwenye mti, mgonjwa akalazwa ndani, mmoja akashika mbele na mwingine nyuma, na safari ya kuteremka mpaka barabarani hula saa saba, au nane kama mawe yana maji. Wabebaji hupokezana njia nzima. Asiyepokezana na mtu ni msemaji peke yake. Huyo hutembea karibu na kichwa cha mgonjwa tangu mlangoni mpaka barabarani akipiga naye soga, kwa sababu mgonjwa akiachwa anyamaze huko njiani, huweza kunyamaza moja kwa moja. Kazi yake ya pili ni kupeleka maneno. Mgonjwa yuko ndani ya blanketi, upepo wa mlima unavuma usiku na mchana, na aliye mbele hasikii kitu. Basi huuliza, "Anasemaje?" na msemaji hujibu: anasema ana kiu, anasema mnamtikisa kama gunia la viazi, anasema nani huyo anayenuka kitunguu.

Kwa miaka ishirini na miwili kazi hiyo ilikuwa ya mtu mmoja, mwanamume mfupi mwenye mwanya, ambaye kijiji kizima kilimwita Kasuku. Jina hilo walimpa kwa mapenzi, kwa kuwa hakuongeza neno wala hakupunguza. Kuna bibi mmoja alibebwa akiwa na kichomi, akamsema mkwewe mwanzo wa safari hadi mwisho: uvivu wake, miguno yake, anavyokula kwa kelele. Kasuku akayapeleka mbele yote, moja baada ya jingine. Aliyeshika mti mbele alikuwa mkwe mwenyewe. Bibi alipona. Ndoa ile haikupona, na watu walicheka mwaka mzima.

Ambalo hawakulijua ni kwamba Kasuku alikuwa mtu mwoga, na kitu alichokiogopa ni kimya. Nyumbani kwake, chumba kimoja cha mawe chenye jiko pembeni, redio ilikuwa ikisema tangu anapoamka. Habari, mahubiri, bei za mbolea, chochote. Betri zikiisha alikwenda kukaa kwa majirani hata kama hawajamwita, akapiga domo mpaka wenye nyumba wanaanza kufagia. Walidhani ni upweke wa mwanamume asiye na mke. Wangejua.

Miaka tisa nyuma alimbeba dada yake. Mimba ilikuwa imeharibika, damu haikukatika kwa siku mbili, na wanawake waliomhudumia walikuwa wamebaki kutazamana. Aliyeng'ang'ania kushika mti mbele alikuwa mumewe, mtu waliyemwita Mwashi, kwa sababu kuta zote za mawe zinazozuia mashamba yasiteremke mtoni alizijenga yeye au baba yake. Hakukuwa na mtu mwenye miguu thabiti kumzidi, na hakuna aliyethubutu kumwambia asimbebe mkewe. Binti yao wa pekee, wa miaka tisa, waliachia majirani.

Baada ya chemchemi njia inaingia mahali wanapopaita Pembamba. Ni njia iliyochongwa kwenye uso wa jabali, upana wa mtu mmoja na kiwiko chake, hatua mia tatu na ushee. Kushoto ni jiwe tupu. Kulia hakuna kitu mpaka chini kabisa, ambako mto unaonekana mwembamba kama uzi. Hapo msemaji hawezi kutembea ubavuni mwa mgonjwa, kwa hiyo yeye mwenyewe huchukua ncha ya nyuma, na wabebaji wengine hutangulia wakangoje ng'ambo. Hakuna kutua mzigo, hakuna kugeuka. Aliye mbele akiyumba, wote watatu wamekwenda.

Walikuwa wamepiga hatua kama arobaini ndani ya Pembamba, dada akafariki. Hakukoroma wala hakushtuka. Kichwa kililala upande mmoja, na Kasuku, ambaye alikuwa ameuinamia uso ule tangu alfajiri, aliona macho yamebaki wazi yakitazama mahali pasipo na kitu. Alikuwa mdogo wake wa pekee. Ni yeye aliyemfundisha kutembea kwenye njia zile zile.

"Anasemaje?" Mwashi akauliza kutoka mbele.

Kasuku akaukaza mkono kwenye mti, akapiga hatua nyingine.

"Shemeji! Anasemaje?"

"Anasema... twende polepole."

"Mwambie kama anaondoka aniambie mapema. Mimi sirudi kwenye nyumba ile peke yangu. Kama ni kwenda tunakwenda wote, hapa hapa."

Alilisema hilo kwa utulivu, kama mtu anayeagiza chumvi dukani, na Mwashi hakuwa mtu wa maneno matupu. Kasuku akakiona kiatu chake cha kulia kinasogea pembeni, kikasogea tena, nusu ya soli ikawa hewani. Mti ukainama. Hakukuwa na nafasi ya kufikiri, na Mungu anajua Kasuku hakufikiri.

"Anasema mtoto!" akapiga kelele. "Anasema umshike mtoto! Akae na wewe huku juu, asishuke, msitengane hata siku moja!"

Kiatu kikarudi kwenye jiwe.

"Amesema hivyo?"

"Amesema hivyo."

"Mwambie nimesikia."

Hatua zote zilizobaki Kasuku alizungumza na maiti. Aliuliza akajibu mwenyewe, akapeleka mbele mambo ya mbuzi, ya paa linalovuja, ya mtoto na kikohozi chake, huku machozi yanamwingia mdomoni na kamasi zinamtoka, asiweze hata kujifuta. Walipotokea ng'ambo akasema, "Shemeji, tua. Amekata roho sasa hivi." Ndivyo alivyosema: sasa hivi.

Miezi mitatu baadaye walimteremsha mchungaji mmoja wa mbuzi aliyevunjika mguu. Pembamba, katikati, mchungaji alisinzia. Kasuku akanyamaza kidogo tu avute pumzi, na ndani ya blanketi, chini ya kidevu chake, sauti ya mwanamke ikasema, "Kaka, mimi sikusema hivyo."

Almanusura auachie mti. Sauti haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililomtia baridi. Ilikuwa ile ile ya utotoni, walipokuwa wanasingiziana kuvunja chungu mbele ya mama yao. Alimwamsha mchungaji kwa kelele, akamsimulia hadithi isiyo na kichwa wala miguu mpaka ng'ambo. Tangu siku hiyo hakuna mgonjwa aliyepita Pembamba na Kasuku bila dada kusema neno lake, mara moja, na kunyamaza. Kisha akaanza kumfuata nyumbani. Kasuku akanunua redio.

Ingekuwa ni hilo tu angelizoea, binadamu huzoea mengi. Mwashi ndiye aliyemmaliza. Kila siku ya mapumziko, jua likishapita utosini, alikuja na kukaa kwenye benchi nje ya mlango wa shemeji yake, mikono yake mikubwa yenye makovu ameilaza magotini. Waliulizana habari, wakataniana kidogo kama mashemeji wanavyotaniana. Halafu Mwashi alitazama chini.

"Niambie tena alisema nini."

Na Kasuku alimwambia. Mtoto akae na wewe. Asishuke. Msitengane hata siku moja. Mwashi alikuwa akiyafuata kwa midomo, bila sauti, na yakiisha alishusha pumzi, akasimama, akaenda zake. Miaka tisa, kila wiki. Hakuoa tena. Alijenga kuta, akamlea mtoto, akayaishi maneno yale kama mtu aliyepewa ramani.

Mtoto naye akakua. Alipofika miaka kumi na minane alikuwa na uwezo wa kubeba jiwe ambalo wanaume wawili wangelijadili kwanza. Mwaka huo walikuja wapima ardhi, mwanamume na mwanamke, na kile chombo chao cha miguu mitatu, kuangalia kama barabara inaweza kupanda mpaka kijijini. Binti aliwabebea fito zao kwa wiki tatu. Alirudi kila jioni akieleza kwa mikono jinsi mtu anavyosimama hapa akajua urefu wa kilima kile bila kukipanda. Yule mwanamke alimpenda, akamsaidia kuandika barua, na baada ya miezi minne jibu likaja: nafasi ipo, chuo cha upimaji, mjini, mwezi ujao.

Mwashi aliisoma barua mara mbili. Hakufoka. Alimwambia, "Mama yako aliacha neno," akaikunja barua vizuri na kumrudishia.

Binti alikwenda kwa mjomba wake mchana ule ule. Alimkuta anamenya viazi huku redio inaunguruma. Aliizima bila kuomba ruhusa, akakaa juu ya gunia.

"Mjomba, mama alisema hivyo kweli?"

Kasuku aliendelea kumenya. Binti alikuwa na paji la uso la mama yake, na mbaya zaidi, alikuwa na ile namna yake ya kuinamisha kichwa akingoja jibu.

"Mbona unaniuliza leo? Miaka yote unasikia."

"Kwa sababu simwelewi. Nilikuwa na miaka tisa, nakumbuka mambo. Mama alikuwa akinitania kwamba nina miguu ya kuzurura, kwamba siku moja nitapotea ng'ambo ya mto na yeye hatanitafuta. Alikuwa anacheka. Mtu huyo huyo ndiye wa kusema nisishuke?"

Chumba kilikuwa kimya. Karibu na jiko, kwa upole, sauti ikasema, "Kaka. Mwambie."

Kisu kilimteleza Kasuku, kikamchana kidole gumba.

"Ndivyo alivyosema," akasema, akinyonya damu. "Mimi napeleka tu maneno, mwanangu. Sijui ya moyoni mwa mtu."

Binti aliondoka bila kuaga. Na Kasuku alijichukia siku ile kuliko siku nyingine yoyote. Lakini angefanya nini? Akisema kweli, Mwashi anabaki na nini? Mke alikufa bila kumwachia hata herufi moja, na msemaji aliyeaminiwa na kijiji kizima ni mwongo. Nani angekubali tena kulala kwenye blanketi chini ya kinywa chake? Aliwasha redio. Aliongeza sauti.

Siku kumi kabla ya chuo kufunguliwa, ukuta wa shamba la juu ulisogea wakati Mwashi anaukarabati, na jiwe lenye ukubwa wa kondoo likamwangukia pajani. Mfupa ulivunjika. Walimfunga kwa vijiti na vitambaa wakasubiri, kwa kuwa yeye mwenyewe alikataa kubebwa, na kwenye siku ya nne kidonda kikaanza kunuka na homa ikapanda. Hapo hakuulizwa tena. Mti ukatolewa, blanketi likafungwa.

Wabebaji walipatikana sita kwa taabu. Vijana walikuwa wameshuka zamani kutafuta kazi, na kati ya waliobaki watatu walikuwa wamepita miaka hamsini na magoti yao yalikuwa yanalia kwenye kila ngazi. Walipofika chemchemi, ikabidi kuamua nani ashike mbele Pembamba.

"Mimi," alisema binti.

Mchungaji yule wa mguu, ambaye sasa alikuwa mbebaji, akatikisa kichwa. "Pale hajawahi kushika mtoto wa kike."

"Basi shika wewe, mzee wangu. Sisi tutawateremsha wawili."

Hata Mwashi alicheka ndani ya blanketi, kicheko kilichogeuka kikohozi. Hakukuwa na ubishi zaidi. Wakati wengine wanakunywa maji, Mwashi alimvuta Kasuku kwa ukosi wa shati. Macho yake yalikuwa mekundu na makavu.

"Shemeji, mimi sifiki mwezi ujao. Nikiondoka yeye atashuka, namjua. Nataka ale kiapo. Pale pale Pembamba, mama yake alipolitoa neno lake. Nitakuambia wewe, utampelekea. Kiapo alicholishwa na baba anayekufa, hatakivunja."

"Ngoja upone, tutaongea."

"Utampelekea?"

"Kazi yangu ni hiyo," Kasuku akajibu.

Waliingia Pembamba saa sita, jua liko juu ya jabali. Wengine walikuwa wametangulia. Binti alikuwa mbele, mgongo wake umenyooka, akiweka miguu bila haraka, kama alivyoiweka baba yake. Kasuku alikuwa nyuma, mti umemlemea, uso wa shemeji yake uko chini ya kidevu chake pale pale ulipokuwa uso wa dada yake. Upepo ulipanda kutoka mtoni ukiwa na baridi ya maji. Alianza kuhesabu hatua bila kutaka. Alipofika arobaini, Mwashi akafumbua macho.

"Sasa. Mwambie aape hatashuka kuishi huko. Aape kwa mama yake."

"Mjomba!" Binti alisikia mnong'ono, si maneno. "Anasemaje?"

Hapo ndipo jambo tamu sana lilipomjia Kasuku. Angeweza kusema chochote. *Baba yako anasema nenda chuo.* Maneno matano. Binti angeyaamini kama baba yake alivyoamini, Mwashi huenda asifike jioni, na jambo lingekwisha bila mtu kuaibika. Alikuwa ameshafungua mdomo. Neno la kwanza lilikuwa liko ulimini.

"Kaka," ikasema sauti, karibu kuliko ilivyowahi kuwa. "Na yeye unataka kumsemea?"

Akafumba mdomo, akapiga hatua moja, mbili. Alikuwa amechoka. Miaka tisa ni mingi kukimbizwa na mtu uliyempenda.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, akimwinamia. "Nisikilize, usinikatize. Hilo silipeleki. Mkeo, dada yangu, alikufa hapa. Mwanzoni, si ng'ambo. Hakusema kitu Pembamba. Uliniambia utakwenda naye, kiatu chako nikakiona kiko hewani, nikasema la kukushika. Mtoto asishuke, msitengane, hayo yote ni yangu. Yeye hakusema hivyo."

Mkono ulitoka ndani ya blanketi ukamshika kifuani, shati na ngozi pamoja. Ulikuwa mkono wa mtu wa mawe, na homa haikuwa imeupunguzia kitu. Ulimvuta. Kasuku aliyumba, mti ukalia, kokoto zikaporomoka kulia na hakusikia zikitua.

"Mjomba, kuna nini?"

"Tembea tu!"

Alimtazama Mwashi machoni. "Fanya utakalo," akamwambia. "Ila mbele yupo mtoto wako."

Mkono ulikaa pale kwa hatua tatu, nne. Kisha vidole vikalegea kimoja kimoja, ukarudi ndani. Mwashi aligeuza uso upande wa jabali.

"Anasemaje?" binti akapaza sauti, na sasa ilikuwa na hofu.

Katika miaka ishirini na miwili Kasuku hakuwahi kutoa jibu alilotoa sasa. "Hasemi kitu!"

"Yu hai?"

"Yu hai! Amenyamaza! Angalia miguu yako!"

Walitembea hivyo, upepo ukipiga blanketi, na Kasuku hakupiga soga. Alingoja mtu yeyote aseme, aliye hai au aliyekufa. Jabali lilianza kurudi nyuma, njia ikapanuka, na kwa mbali wakawaona wenzao wamekaa kwenye majani. Ndipo Mwashi alipozungumza, uso bado ameugeuza.

"Basi la kweli lilikuwa nini?"

"La kweli lipi?"

"La mwisho. Lililotoka kinywani mwake, si mwako. Hakufa bubu."

Kasuku alijaribu kukumbuka, na akashangaa kukuta ni vigumu. Alikuwa ameyasema yale ya uongo mara nyingi mno, yakawa yameyafunika mengine. Ilimbidi arudi nyuma polepole: jabali, kuingia Pembamba, chemchemi. Kikombe cha bati. Dada yake anakunywa, anakirudisha, anatazama upande aliokaa mumewe akiwa amewapa mgongo.

"Chemchemini," akasema. "Alikunywa maji. Akakutazama ulivyokaa. Akasema, 'Mwambie abadili bega. La kulia linamuuma tangu alipojenga ule ukuta wa juu, na hawezi kusema, anajikaza tu.'"

Kasuku akapiga hatua mbili.

"Basi. Hilo tu. Nikamwambia nitakuambia, wakaniita tuondoke."

Mwashi alivuta blanketi akajifunika uso, na lile blanketi lilianza kutikisika. Kasuku aliendelea kutembea. Alilia na yeye, lakini kwa furaha kidogo, maana mzigo ule aliubeba peke yake kwa miaka tisa na sasa ulikuwa umetuliwa. Hivyo ndivyo alivyodhani.

Walipotoka kabisa Pembamba wenzao walisimama ili wapokee. Mwashi akafunua uso.

"Mwambie mtoto abadili bega."

"Baba yako anasema ubadili bega!" Kasuku akapeleka, na sauti ikamkatika katikati.

Binti, bila kutua, aliuinua mti juu ya kichwa na kuulaza upande wa pili. Kwenye shingo yake, pale ulipokuwa, palikuwa pamechubuka na kuvimba. Hakuwa amesema.

"Na kile kiapo?" Kasuku akanong'ona.

"Kiapo cha nani?" Mwashi akasema. "Mwache aende na miguu yake."

Barabarani gari la wagonjwa lilikuwa linangoja, mlango wa nyuma uko wazi, dereva anakula ndizi. Wabebaji walimwingiza Mwashi ndani kwa uangalifu. Muuguzi alifunua kidonda, akakunja uso, akasema mguu labda utakatwa, ila uhai upo. Binti alipanda nyuma ya baba yake akiwa na kifurushi kidogo, na Mwashi, kwa kinywa chake mwenyewe bila msemaji, akamwuliza kama ile barua ya chuo ameibeba. Binti akaigusa kifuani, ndani ya nguo, akaanza kulia kwa sauti kama mtoto mdogo.

Kasuku alikuwa amesimama chini, mkono kwenye mlango, akijisikia mwepesi. Sauti ya dada yake haikuwa imesema tena tangu pale jabalini, na kimya kilichokuwa masikioni mwake kilikuwa kitamu kama usingizi. Mwashi alimwita kwa kidole. Akainama, kama alivyozoea.

"Lile uliloniongopea, sina kinyongo nalo," Mwashi akasema. "Bila lile, mimi na wewe tungekuwa mtoni. Nisingemlea huyu. Mungu akulipe."

"Shemeji, mimi..."

"Ngoja. Kila wiki nilikuja kwako. Miaka tisa. Nilikaa kwenye benchi lako nikakuuliza alisema nini. Lile la bega ulikuwa nalo."

Kasuku alitafuta jibu. Yeye, mtu wa maneno, alilitafuta kila mahali.

"Niliona si neno, shemeji," akasema mwishowe. "La njiani tu. Niliona halina maana."

Mwashi alimtazama. Macho yake hayakuwa na hasira, na Kasuku angetamani yawe nayo.

"Ndilo lililokuwa langu," akasema, na muuguzi akafunga mlango.